Paa la zege, ukuta uliozikwa na tangi la mvua: ndoo moja ya rangi ya kuzuia maji inatosha kweli?

Binti_Randa

Habari zenu wakuu,

Nina chumba cha kazi za mbao ninachokikarabati mwenyewe. Nimefika kwenye rangi ya kuzuia maji na nimekwama, naomba msaada kabla sijanunua chochote.

Hali ni hii. Paa ni la zege, tambarare, mita 4 kwa 5, limezungukwa na ukuta mfupi unaofika gotini. Mvua ikinyesha, kona moja inabaki na kidimbwi mpaka kesho yake. Kuna ufa unaoanzia kwenye tundu la kutolea maji hadi katikati ya paa, mwembamba kiasi kwamba ukucha hauingii, lakini kwa chini nimeona doa la kahawia likifuata mstari huohuo.

Ukuta wa nyuma umezikwa. Kiwanja kina mteremko, kwa hiyo udongo wa nje unafika kiunoni. Kwa ndani ulipakwa rangi ya mafuta zamani, sasa inabanduka magamba magamba na nyuma yake kuna unga mweupe. Mbao nikiziegemeza pale zinaota ukungu. Bomba la paa nalo linamwaga maji upande huohuo wa nyuma.

Halafu kuna tangi la zege la kuvuna maji ya mvua, kina chake mita 2, plasta ya ndani ni mpya kabisa. Maji yake nataka yawe ya matumizi yote, pamoja na kunywa baada ya kuyachemsha.

Muuzaji mmoja ameniambia ndoo moja ya lita 20 ya rangi ya akriliki inayovutika itamaliza kazi zote tatu. Kwenye ndoo imeandikwa "kwa paa, kuta na matangi", na yabisi yake, yaani sehemu inayobaki rangi ikikauka, ni asilimia 60 kwa ujazo. Je, ni kweli? Na kama siyo, nichague nini kwa wapi? Kazi nitaifanya mwenyewe, vifaa vya kawaida ninavyo.

---

LamiTupu

Dada, usijichoshe. Nunua lami ya kupaka, ile nyeusi ya maji maji, paka mikono miwili, yaani tabaka mbili, kila mahali. Mimi nimepaka msingi wa nyumba nzima kwa hiyo na hakuna tone lililopita. Ikikauka juu ya paa unaipaka rangi nyeupe isipate joto, basi.

---

MwikoNaRola

Binti Randa, umefanya vizuri kuuliza kwanza, maana kwenye kazi hii kopo ndilo la mwisho kuchaguliwa. Kitu cha kwanza ni kujua maji yanatokea upande gani na yanasukuma kwa nguvu gani. Wewe una kazi tatu, na maji yake hayafanani.

Juu ya paa, maji na rangi viko upande mmoja. Maji yanaikandamiza rangi kwenye zege. Kwenye tangi ni vilevile, ila mzigo ni mkubwa zaidi: maji ya kina cha mita 2 yanalala juu ya sakafu ya tangi kwa uzito wa tani 2 kwa kila mita ya mraba. Tundu dogo la rola lililosahauliwa litapata nguvu hiyo mchana na usiku.

Ukuta wako wa nyuma ni kinyume chake. Maji yako kwenye udongo, wewe unataka kupaka kwa ndani. Hapo maji yanaisukuma rangi kutoka mgongoni, yanaitoa ukutani. Rangi yoyote inayotengeneza ngozi juu ya ukuta, iwe ya mafuta, akriliki au ile ya kuvutika kama mpira, inategemea gundi yake tu kushika. Maji yanakuja na chumvi za saruji na udongo, yanafika nyuma ya ile ngozi, yanakauka, chumvi inabaki na kukua. Ndiyo malengelenge, ndiyo magamba, ndiyo unga mweupe unaouona. Ukipaka rangi ya akriliki juu ya hali hiyo, itabanduka kama iliyotangulia, hata ikiwa nene na ya bei ya juu namna gani.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana, ndoo moja haimalizi zote tatu. Nianze na paa, kwa sababu nadhani hata ukuta wako unaumwa kwa ajili ya paa.

Rangi ya akriliki inayovutika ni nzuri sana juani. Inastahimili jua, ikiwa nyeupe inarudisha joto, na inafuata zege linapotanuka na kusinyaa. Na zege linatanuka kweli: urefu wa mita 5, joto likipanda kwa nyuzi 30 kati ya alfajiri na mchana, unaongezeka kama milimita moja na nusu. Ndiyo maana epoksi, ile rangi ya sehemu mbili zinazochanganywa ili igande, haifai hapo. Epoksi ni ngumu, haivutiki, na jua linaifanya itoe unga. Iache kwa sakafu za ndani.

Ila akriliki nyingi zina udhaifu mmoja: hazipendi maji yanayotuama. Zikikaa chini ya kidimbwi kwa muda mrefu zinalainika na kuanza kuachia. Kidimbwi chako cha kona lazima kiondoke kabla ya rangi. Chukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, ujaze maji, pima usawa wa paa kutoka kona hiyo mpaka kwenye tundu la kutolea. Paa tambarare linatakiwa kushuka angalau sentimita 1 na robo kwa kila mita, yaani 1 kwa 80. Kwa mita zako 4 hiyo ni sentimita 5. Mahali palipobonyea papige mchanganyiko wa saruji wenye gundi ya polima ya kushikia, usiweke safu nene ya saruji tupu, itapasuka na kuinuka. Kama haiwezekani kabisa kuondoa kidimbwi, basi badala ya akriliki tafuta rangi ya poliurethani ya mapaa, hiyo inastahimili maji yaliyotuama vizuri zaidi. Hakikisha ni ile iliyotengenezwa kukaa juani, maana zipo zinazogeuka njano na kutoa unga zisipofunikwa.

Sasa unene. Hapa ndipo kazi nyingi za kujifanyia zinapoharibikia, na inaniuma kwa sababu mtu anakuwa ameshatoa jasho na fedha zote. Rangi ya kuzuia maji haihesabiwi kwa idadi ya mikono, inahesabiwa kwa unene uliobaki baada ya kukauka. Lita 1 ikitandazwa kwenye mita 1 ya mraba inakuwa na unene wa milimita 1 ikiwa mbichi. Yabisi yake ni asilimia 60, kwa hiyo ikikauka inabaki milimita 0.6, zile nyingine zimepaa hewani. Ukitaka milimita 1 kavu juu ya paa, ambao ni unene wa kutulia nao, unahitaji lita 1.67 kwa kila mita ya mraba.

Paa lako ni mita za mraba 20. Lazima upandishe rangi kwenye ule ukuta mfupi angalau sentimita 15 kuzunguka: mzunguko wa mita 18 mara 0.15 ni mita za mraba 2.7. Jumla 22.7. Zidisha kwa 1.67, unapata karibu lita 38, kabla hujahesabu ile inayomezwa na zege lenye vitundu na inayobaki kwenye rola. Ndoo ya muuzaji wako inafika kama nusu tu ya safari kwenye paa peke yake, achilia mbali tangi na ukuta.

Ufa usiupake tu juu. Upanue kidogo kwa tindo uwe na umbo la V, ondoa vumbi lote, jaza gundi nyumbufu ya poliurethani ya kuzibia nyufa. Usitumie silikoni, rangi haishiki juu ya silikoni na mabaki yake yanasumbua kuondoa. Gundi ikishakauka, paka rangi pana kuufuata ufa, laza kitambaa cha wavu cha upana wa sentimita 15 hivi rangi ingali mbichi, kisha paka tena juu yake mpaka kizame. Fanya hivyohivyo kuzunguka tundu la kutolea maji, na pale paa linapokutana na ukuta mfupi. Kwenye hiyo kona ya ukuta weka kwanza saruji ya mshazari kuondoa pembe kali, upana wa sentimita 2 au 3 unatosha. Pembe kali ndipo rangi inapokuwa nyembamba zaidi na zege linapocheza zaidi.

Ndugu LamiTupu, lami kwenye msingi upande wa nje ni chaguo zuri na sipingi. Imefunikwa na udongo, haioni jua, maji yanaikandamiza ukutani. Juu ya paa lililo wazi jua linaikausha na kuipasua, na rangi nyeupe ya kawaida ikipakwa juu yake inageuka njano halafu inakatika vipande vipande, kwa sababu lami iliyo chini inalainika kwa joto na rangi ya juu haiwezi kuifuata. Kwenye tangi la maji ya kunywa, tafadhali usimshauri mtu.

Ukuta sijaumaliza. Binti Randa, kabla sijaendelea nakuomba ufanye jaribio moja. Kwangua rangi ya zamani sehemu mbili, moja chini karibu na sakafu, nyingine juu ya kiuno. Kausha juu juu kwa kitambaa, kisha bandika kipande cha karatasi ya alumini au plastiki, sentimita 45 kwa 45, ukizibe kwa tepu pande zote nne. Kiache usiku kucha, si chini ya saa 16. Maji yakiwa upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa unaoganda kwenye ukuta wa baridi, na dawa yake ni kupitisha hewa. Yakiwa nyuma ya karatasi, yanatoka ndani ya ukuta.

Na wakati wa kukwangua: rangi ya mafuta ya zamani inaweza kuwa na risasi, yale madini ya sumu. Usiipige msasa kavu. Ilowanishe, kwangua kwa mkono, kusanya magamba yote, na watoto wasiingie humo mpaka umeosha sakafu.

---

Binti_Randa

Asante sana mkuu, nimesoma zaidi ya mara moja. Hesabu ya lita hakuna aliyewahi kunipa hivyo.

Nimefanya jaribio. Karatasi ya chini ilikuwa imelowa upande wa ukutani, matone kabisa, na tepu ilianza kuachia. Ya juu ilikuwa kavu pande zote mbili. Mpaka wa unyevu unaonekana wazi, unakwenda sambamba na udongo wa nje, ila karibu na bomba la paa umepanda zaidi.

Sasa nifukue upande wote wa nje? Ni kazi kubwa na kuna mti karibu.

---

MwikoNaRola

Hilo la bomba ndilo nililokuwa nalisubiri. Hebu tupige hesabu: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 30 juu ya paa lako ni lita 600, na zote zinamwagwa nyuma ya ukuta ambao tayari umezikwa. Udongo ule unajaa, maji yanakosa pa kwenda, yanaingia kwako. Hakuna rangi utakayopaka ndani itakayokuwa na nguvu kuliko kuhamisha bomba hilo. Una tangi la mvua, lielekeze huko, na bomba la kumwagia ziada ya tangi lipeleke mbali upande wa mteremko unaoshuka.

Fanya hilo kwanza, kabla ya kununua chochote cha ukuta. Halafu sawazisha udongo wa nje ushuke kutoka ukutani badala ya kuinamia ukutani. Upe ukuta muda ukauke, rudia jaribio la karatasi. Inawezekana ukakuta kazi iliyobaki ni ndogo sana.

Kufukua nje, kupaka upande wa nje na kuweka kokoto na bomba la kupitisha maji chini ndiyo tiba kamili, kwa sababu inaurudisha ukuta kwenye hali ya paa: maji na rangi upande mmoja. Lakini kufukua kando ya ukuta kuna hatari zake. Usichimbe urefu wote kwa mara moja, wala usiende chini ya msingi, na mizizi mikubwa ya mti usiikate ovyo. Kwa kina cha kiuno nadhani unaweza kuanza na ndani, ukiwa umeshahamisha maji.

Kwa ndani utatumia mchanganyiko wa saruji wa kuzuia maji: unga wa saruji wenye viungo vyake, unakorogwa na maji au na maziwa ya polima yanayokuja nayo kwenye dumu. Unasukumwa kwa brashi ngumu, hautandazwi kwa rola. Huu haukai kama ngozi, unashikamana na ukuta na kugeuka sehemu yake, ndiyo maana unaweza kuvumilia maji yanayosukuma kutoka nyuma. Soma karatasi ya kiufundi uhakikishe imeandikwa wazi kwamba unafaa kwa maji ya upande wa nyuma. Si yote inafaa. Zipo pia za aina inayotengeneza fuwele ndani ya vitundu vya zege na kuviziba, ila hizo zinataka zege halisi lenye saruji nyingi. Kwenye ukuta wa tofali na viungo vya mchanga zinafanya kazi kidogo.

Maandalizi ya ukuta huu ni kinyume cha paa, na hapa ndipo naomba usome polepole. Akriliki na poliurethani zinataka zege kavu. Mchanganyiko wa saruji unataka ukuta uliolowa: umwagie maji mpaka ushibe, kisha subiri yale yanayong'aa juu yapotee, uso ubaki na rangi ya giza bila maji yanayotiririka. Ukipaka juu ya ukuta mkavu, tofali litanyonya maji ya mchanganyiko kabla saruji haijashika, utabaki na unga unaofutika kwa kidole.

Kabla ya hapo, toa rangi yote ya mafuta mpaka uone tofali au plasta. Yote, hadi sentimita 30 juu ya mpaka wa unyevu. Ile chumvi iondoe kwa brashi kavu na uizoe, usianze kwa kuiosha, maana maji yanaiyeyusha na kuirudisha ndani ya ukuta. Plasta iliyolainika ibomoe. Pale ukuta unapokutana na sakafu, chonga kijifereji kidogo na ukijaze kwa saruji isiyosinyaa, umalizie na kona ya mshazari, maana mara nyingi maji yanapitia hapo zaidi kuliko katikati ya ukuta.

Mkono wa kwanza piga kwa mlalo, wa pili kwa wima, unene wa jumla kama milimita 2. Usiache ukauke haraka: funga milango upepo usiupige, na kama maelekezo yanasema unyunyizie maji, nyunyizia. Baada ya hapo usipige rangi ya mafuta tena. Ukitaka weupe, tumia chokaa au rangi ya silikati, zinazoruhusu mvuke kutoka.

---

MajiSafi

Niongeze kuhusu tangi, kwani ndiyo kazi yangu.

Binti Randa, kwa maji ya kunywa usitumie kitu ambacho hakijaandikwa kuwa kimepimwa kwa maji ya kunywa. Neno "matangi" kwenye ndoo halitoshi, linaweza kumaanisha tangi la kumwagilia bustani. Uliza cheti. Vipimo vinavyojulikana zaidi ni NSF/ANSI/CAN 61 cha Amerika Kaskazini na BS 6920 cha Uingereza, na nchi nyingine zina vyao. Lami ya makaa ya mawe ina kemikali zinazosababisha saratani, isikaribie maji yako.

Kwa zege jipya mimi ningechagua mchanganyiko wa saruji wenye polima, uliopimwa kwa maji ya kunywa, mikono miwili. Unapatana na plasta mpya na unapakwa kwenye unyevu, kwa hiyo huhitaji kusubiri plasta ikauke kabisa. Acha tu ikomae kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko. Epoksi ya matangi nayo ni imara, ila hiyo inataka zege lililokomaa siku 28 na kavu, vipimo vya hadna (ile sehemu ya pili inayoigandisha) visivyokosea hata kidogo, na muda mfupi wa kuitumia kabla haijaganda kwenye ndoo. Ikichanganywa vibaya haigandi, inabaki inanata, na hapo maji yako yameharibika. Kwa mtu anayejifanyia, saruji inasamehe zaidi.

Ukimaliza, usijaze maji kabla ya muda ulioandikwa kwenye mfuko. Mara nyingi ni siku 7. Kisha jaza, yaache yakae, yamwage, osha tena ndipo uanze kutumia.

La muhimu kuliko yote: usiingie kwenye tangi peke yako. Tangi lina mdomo mdogo na hewa haizunguki. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unatuama chini pale ulipoinama, unapoteza fahamu kabla hujajua kuna tatizo. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Weka feni ya kusukuma hewa safi ndani, mtu mmoja akae mdomoni mwa tangi muda wote, na ukianguka asiingie kukufuata, aite msaada. Watu wawili hufa kwenye tangi moja kwa namna hiyo.

---

LamiTupu

Nimeelewa tofauti, mkuu Mwiko. Nilikuwa naiangalia lami kama lami tu. Swali langu dogo: hizi dawa za kupulizia ukuta zisizo na rangi, maji yanateleza kama kwenye jani la mgomba, hazimfai dada kwenye ukuta?

---

MwikoNaRola

Hizo ni silani na siloksani. Zinaingia ndani ya tofali na kulifanya lisinyonye maji, ila vitundu vinabaki wazi, mvuke unatoka. Ni nzuri kwa ukuta wa nje unaopigwa na mvua, na kwa sehemu ya juu ya ukuta wa Binti Randa iliyo juu ya udongo ningezipendekeza bila wasiwasi. Kwa maji yanayosukuma hazifai, kwa sababu vitundu viko wazi na shinikizo litayapitisha. Haziungi ufa pia.

---

Binti_Randa

Basi naona mpango: bomba kwanza, halafu paa, kisha tangi, ukuta mwisho baada ya kukauka. Nimeamua kulijaza lile bonde la kona, kwa hiyo paa litabaki la akriliki. Swali la mwisho: nipake saa ngapi? Mwingine ananiambia alfajiri, mwingine mchana jua likiwa kali ili ikauke upesi.

---

MwikoNaRola

Mpango huo naukubali kabisa.

Jua kali usipake. Uso wa rangi unakauka kabla ya tumbo lake, maji yanafungiwa ndani na baadaye yanatoka kwa malengelenge. Asubuhi nayo ina shida yake kwenye zege: jua linapopanda, hewa iliyo ndani ya vitundu inatanuka na kutoka, inatoboa rangi mbichi vitundu vidogo vidogo ambavyo huvioni mpaka mvua inyeshe. Muda mzuri ni zege likiwa limeanza kupoa, alasiri, lakini mapema kiasi kwamba rangi itakauka kabla umande haujashuka. Akriliki isiyokauka ikipata umande inaoshwa. Uso wa paa unatakiwa uwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango ambacho umande unaanza kuganda, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Kama huna kipimo, gusa bati au kioo kilicho nje: kikiwa na unyevunyevu, ahirisha.

Zege lililooshwa lipe siku kavu za kutosha kabla ya rangi, na ufanye jaribio lile la plastiki hata juu ya paa. Sehemu uliyojaza saruji mpya iache ikomae kwanza kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko. Mkono wa kwanza uongeze maji kidogo kama maelekezo yanaruhusu, uingie kwenye vitundu, ndio praima yako, yaani tabaka la msingi. Inayofuata isiongezwe maji hata kama ni nzito kuvuta, kwa sababu kila maji unayoongeza yanapunguza ule unene tuliouhesabu. Nunua rangi mbili tofauti, mfano nyeupe na kijivu, upishanishe mikono. Ukiona kijivu kinachungulia chini ya nyeupe unajua umeruka.

Gawa paa kwa chaki vipande vya mita za mraba 5, vinne. Kila kipande kipimie rangi yake kwenye ndoo ndogo, lita 3 kwa mkono kwa mfano, na usihame mpaka ndoo hiyo iishe ndani ya mistari. Kwa lita hizo, mikono mitatu inakupa milimita 1 kavu na kidogo juu yake.

Ikishakomaa, ziba tundu la kutolea maji na ujaze kidogo, uache saa 24, huku ukitazama dari kwa chini. Sentimita 2 zikipimwa kwenye tundu zinatosha, na pale ambapo paa limeinuka maji hayatafika, hiyo ni sawa. Usijaze zaidi ya hapo, maana sentimita 5 juu ya mita za mraba 20 ni tani 1 nzima na hatujui nondo zilizomo. Weka alama ya penseli usawa wa maji jioni. Jioni ya kesho yake yatakuwa yamepungua kidogo kwa kupaa hewani, kwa hiyo weka pembeni beseni lenye maji ya kina hichohicho ulinganishe. Kama paa limepungua zaidi ya beseni, anza kutafuta kwenye kona na kwenye tundu la kutolea kabla hujatafuta katikati. Tuletee majibu hapa, tutaendelea na tangi.